Zulia Usilolijua Asili Yake

Wazee wetu walipotandika misikiti na majumba yao, walitandika mikeka na majamvi ya ukindu, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alijua kile anachokikalia kimetokana na mti gani. Kikichafuka kilikung'utwa, kikafutwa kwa maji, kikaanikwa. Leo majumba yetu yamejaa mazulia yatokayo Uturuki, Uajemi, India, Uchina na Ubelgiji. Mengine tumeyanunua mnadani, mengine tumepewa zawadi za arusi, na mengine yameachwa wakfu na watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Karatasi iliyoshonwa nyuma ya zulia imeng'oka au maandishi yake yamefutika, na aliyeliuza hajulikani alipo.

Basi doa linapoingia, swali la kwanza katika nyumba nyingi huwa hili: dawa gani kali italitoa? Sisi twaona kwamba liko swali linalopasa kutangulia, nalo ni: zulia hili limefumwa kwa nyuzi gani? Kwani dawa iliyo nzuri kwa zulia moja ni sumu kwa jingine.

Tunaujua msikiti mmoja ambao zulia lake la wakfu, lililodumu miaka mingi, liliharibika katika asubuhi moja ya usafi kabla ya Ramadhani. Vijana wenye nia njema walilimwagia maji ya klorini, yale ambayo wengi huyaita jiki, kisha wakalisugua kwa brashi ngumu. Adhuhuri ilipofika, wekundu ulikuwa umepauka na manyoya yaking'oka kwa kidole. Hapana aliyekusudia ubaya. Lakini mali ya wakfu ni amana, na nia njema haiwezi kurudisha sufu iliyokwisha kuyeyuka.

Na tuseme kwa ufupi aina zenyewe. Ya kwanza ni nyuzi za wanyama, yaani sufu ya kondoo na hariri. Hizi asili yake ni protini, kama nywele zetu. Ya pili ni nyuzi za mimea, kama pamba, katani na zile nyuzi za magunia ambazo mara nyingi hufanywa mgongo wa zulia. Ya tatu ni viskosi, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1892. Hiyo hutokana na miti, lakini hupitishwa katika dawa mpaka ikang'aa kama hariri. Ya nne ni nyuzi za viwandani zenye asili ya plastiki: nailoni iliyotengenezwa Marekani mwaka 1935, poliesta, na polipropilini ambayo Giulio Natta aliitengeneza Italia mwaka 1954. Mengi katika mazulia ya bei nafuu yaliyomo madukani mwetu ni ya polipropilini.

Sasa mtu ambaye hajui zulia lake ni la aina gani atalitambuaje? Atwae nyuzi tatu au nne kutoka katika manyoya yenyewe, mahali pasipoonekana, chini ya kabati au ukingoni. Asitwae matamvua, kwani mara nyingi matamvua ni ya pamba hali manyoya ni ya sufu. Kisha azichukue nje, mbali na zulia, pamoja na sahani ya udongo, kibanio cha chuma na maji karibu. Kazi hii ni ya mtu mzima, wala asiachiwe mtoto, kwa sababu tone la plastiki iliyoyeyuka huunguza ngozi vibaya.

Uzi mmoja ushikwe kwa kibanio na kutiwa moto. Ukiwaka kwa shida, ukazimika wenyewe, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalovunjika kwa kidole, huo ni wa sufu au hariri. Ukiwaka upesi kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, ni wa mimea au viskosi. Ukijikunja na kuyeyuka, kisha ukaacha kijidonge kigumu, ni wa plastiki.

Uzi wa pili utiwe katika gilasi ya maji yenye tone la sabuni, ukandwekandwe mpaka hewa yote itoke. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo itaelea. Sufu, pamba, nailoni na poliesta zitazama. Uzi wa tatu, ikiwa ulioungua ulikuwa kama karatasi, uloweshwe kisha uvutwe. Viskosi ikilowa hupoteza nguvu nyingi, hukatika kwa wepesi. Pamba haidhoofiki kwa maji.

Majaribio haya yasimtie mtu kiburi. Yako mazulia yaliyochanganywa, sufu sehemu nane na nailoni sehemu mbili, na moto hautatoa jawabu moja. Hapo ndipo inapotakiwa kanuni ambayo twaomba kila nyumba iishike: zulia usilolijua, lihesabu kuwa ni lile lililo dhaifu kabisa, mpaka lithibitike kuwa lina nguvu. Anayeitendea plastiki kana kwamba ni sufu hapotezi kitu ila muda kidogo. Anayeitendea sufu kana kwamba ni plastiki hupoteza zulia.

Na sababu yake ni hii. Ukali wa sabuni hupimwa kwa namba kutoka 0 mpaka 14. Maji safi yako katika 7. Chini yake ni asidi kama siki, na juu yake ni alikali kama magadi. Sufu hupenda kukaa kati ya 5 na 8. Sabuni nyingi za unga za kufulia nguo hufika 10, na jiki hupita 11. Tena sabuni nyingi za unga hutiwa vimeng'enya vilivyokusudiwa kula madoa ya damu, maziwa na mayai, ambayo ni protini. Sufu nayo ni protini, wala vimeng'enya havijui kupambanua kati ya doa na zulia. Ama jiki, uzi wa sufu ukiachwa ndani yake usiku kucha, huenda asubuhi usiukute.

Basi kwa zulia lisilojulikana, tutumie sabuni ya maji iliyo laini, kama ile ya kuoshea vyombo isiyo na rangi, kijiko kidogo kimoja katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Kabla ya yote ijaribiwe rangi: kitambaa cheupe kiloweshwe katika maji hayo, kikandamizwe juu ya pembe iliyofichika kwa dakika 10, kisha kitazamwe. Kikitoka na rangi, usiendelee, mpelekee fundi.

Kikitoka cheupe, zulia likung'utwe au lifagiwe vizuri kwanza, kwani vumbi likipata maji huwa tope. Kisha doa ligongwegongwe kwa kitambaa kutoka pembeni kwenda katikati, wala lisisuguliwe. Baadaye lipitiwe kwa kitambaa chenye maji matupu mara mbili au tatu, kwa sababu sabuni iliyobaki hunata na kuvuta uchafu mpya. Likaushwe siku hiyohiyo, limeinuliwa ili upepo upite juu na chini. Sisi wa pwani, hasa wakati wa masika, twajua jinsi ukungu unavyokimbilia kitu kilicholala na unyevu. Na zulia lenye mgongo wa nyuzi za gunia likiloa mno, rangi ya kahawia hupanda juu na kuacha doa jipya.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo asili ya uharibifu mwingi. Wako watu wanaodhani kwamba dawa ikiwa kali zaidi, tahara nayo huwa kamili zaidi. Mtoto amekojoa zuliani, basi mama humwaga jiki ili aridhike moyoni kwamba mahali pamekuwa pa kuswalia. Dhana hii haina msingi. Kinachotoharisha ni maji, nayo ni maji yaliyo safi yasiyochanganywa. Bedui alipokojoa katika msikiti wa Mtume s.a.w. mjini Madina, Mtume aliwazuia watu wasimkaripie, akaamuru mahali hapo pamwagiwe ndoo ya maji. Hapakutajwa kitu kingine.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, najisi kama hiyo kwanza huondolewa yenyewe: mkojo unyonywe kwa vitambaa vikavu mpaka usibaki unyevu wa kutoka. Kisha maji yamiminwe juu ya mahali hapo yaenee, na hayo yatosha. Mtoto mwanamume ambaye hajatimiza miaka miwili, na chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake hurahisishwa zaidi, kwani kunyunyiza maji yakaenea pale kunatosha. Na ikiwa mtu amejitahidi, ikabaki rangi peke yake au harufu peke yake ambayo ni vigumu kuitoa, hilo limesamehewa. Basi doa la damu lililofifia katika zulia la sufu si kizuizi cha swala, wala halimlazimishi mtu kuliunguza zulia kwa dawa.

Iko aina ambayo maji yenyewe huidhuru, nayo ni viskosi, ambayo ikilowa manyoya yake hulala na kugeuka manjano. Wafanya biashara wengi huiuza kwa jina la hariri, au hariri ya mianzi. Ikipatwa na najisi, tahara hutangulia uzuri, na maji hayana budi kumwagwa. Kwa hiyo ni heri zulia la namna hiyo lisitandikwe mahali pa kuswalia, wala wanapocheza watoto. Na kwa kuwa wanaume wamekatazwa kukalia hariri ya kweli, ni vizuri mnunuzi ajue kwa yakini anachouziwa, asitegemee jina lililotajwa dukani.

Liko na la hatari, ambalo twaomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Jiki isichanganywe kamwe na siki, wala na amonia, wala na dawa ya kusafishia choo. Michanganyiko hiyo hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, na katika chumba kilichofungwa yaweza kuua. Mwenye kutaka kung'arisha zulia asije akajitafutia msiba.

Mwisho, twatoa shauri kwa wenye majumba na kwa kamati za misikiti. Siku zulia linaponunuliwa, mwambieni muuzaji aandike katika risiti limefumwa kwa nyuzi gani, manyoya na mgongo. Ichukuliwe karatasi ya nyuma ya zulia, au picha yake, ihifadhiwe pamoja na hati nyingine za nyumba au za msikiti. Kwa mazulia ya zamani, vijana wafanye majaribio tuliyoyataja pamoja na mtu mzima, waandike jawabu katika daftari: zulia la mbele ni sufu, la nyuma ni polipropilini, na siku lilipopimwa. Kazi hiyo ni ya saa moja, na anayekuja baada yetu ataikuta imekwisha kufanywa.

Mwenye kuacha zulia wakfu alitoa sehemu ya mali yake akitumaini thawabu ziendelee baada ya kufa kwake. Kila mwaka linaodumu zulia lile, watu husujudu juu yake. Sisi tulioachiwa kulitunza tusilifupishie umri kwa pupa ya kutaka weupe wa siku moja. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhifadhi amana, na atutakasie nyumba zetu na nyoyo zetu. Amin.