Picha huria darasani na ruhusa ya kuzibadilisha

Karibu kila picha, mchoro, wimbo au video ina mwenyewe tangu siku inapotengenezwa. Hakimiliki haisubiri kusajiliwa, na picha iliyozagaa mtandaoni bila jina la mpigaji haijawa ya bure kwa sababu hiyo. Leseni huria ni ruhusa ambayo mwenye kazi huitoa mapema na kwa maandishi: yeyote aitumie, ainakili, aigawe na mara nyingi aibadilishe, mradi atimize masharti. Leseni zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza Desemba 2002.

Sheria za hakimiliki za nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo, humwachia mwalimu nafasi fulani ya kutumia kazi ya mtu mwingine katika kufundisha. Nafasi hiyo ina mipaka, na siku hizi nukuu za somo hazikai darasani. Zinaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, zinafika steshenari, zinabanwa kuwa kijitabu na kuuzwa shule ya jirani. Kadiri zinavyosafiri ndivyo picha ya kuokoteza inavyozidi kuwa na mashaka. Picha ya leseni huria husafiri na ruhusa yake.

Masharti ya Creative Commons ni manne, na mchanganyiko wake huzaa leseni sita. La kwanza, lililomo katika zote, ni kumtaja mtengenezaji. La pili hutaka kazi iliyobadilishwa itolewe kwa leseni ileile. La tatu hukataza matumizi ya kibiashara, na la nne hukataza kusambaza kazi iliyobadilishwa.

Sharti la biashara ndilo linalowatatiza walimu wengi, kwa kuwa nakala hulipiwa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko New York iliamua kesi ya Great Minds, wachapishaji wa vitabu vya hisabati, dhidi ya FedEx Office. Ilionekana kwamba shule inayotumia kitabu chenye sharti hilo kwa kufundishia inaweza kulilipa duka liitolee nakala. Uamuzi huo haufungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini hoja yake inaeleweka: kinachotazamwa ni matumizi ya nakala. Anayekusanya michoro yenye sharti hilo katika kijitabu cha marudio na kukiuza kwa faida yuko upande mwingine wa mstari.

Sharti la kutobadilisha ndilo lenye gharama kubwa zaidi kwa anayefundisha kwa Kiswahili. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiswahili, ilhali michoro mingi mizuri ya mtandaoni ina maandishi ya Kiingereza. Mchoro wa mzunguko wa maji kutoka Wikimedia Commons, hazina iliyofunguliwa mwaka 2004, ukiwa na leseni inayoruhusu mabadiliko, unaweza kufunguliwa katika programu ya bure kama Inkscape. Maandishi yanageuzwa kuwa uvukizaji, mawingu na mvua. Mto usio na jina unaitwa Rufiji au Tana. Mistari inakolezwa ili ionekane kwenye fotokopi ya rangi nyeusi. Mchoro wenye sharti la kutobadilisha hauwezi kugawiwa ukiwa umefanyiwa hayo, hata kama umetolewa bila malipo. Ndiyo maana mwalimu anayetafuta picha afaa kuanza kwa kuuliza kama inaweza kubadilishwa, kabla ya kuuliza bei yake.

Zipo pia kazi zisizo na hakimiliki kabisa. Picha ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972 ni ya NASA, na kwa sheria ya Marekani kazi za watumishi wa serikali ya shirikisho hazina hakimiliki nchini humo. Karibu bara zima la Afrika linaonekana humo, pamoja na Madagaska, Rasi ya Uarabuni na barafu ya Antaktika. Mwalimu wa jiografia anaweza kuchora juu yake mstari wa ikweta na kuichapisha atakavyo.

Kumtaja mtengenezaji hakuhitaji zaidi ya mstari mmoja chini ya picha: jina la kazi, aliyeitengeneza, ilikopatikana na leseni yake. Ikibadilishwa, mstari huo useme hivyo. Mwanafunzi anayeuona kila wiki hujifunza kutaja alikochota kabla hajafika chuo kikuu.

Leseni ina mipaka yake. Haimpi aliyepakia picha ya mtu mwingine haki ambayo hakuwa nayo, hivyo ni vema kumchunguza mpakiaji. Wala haigusi faragha ya waliomo pichani. Picha ya wanafunzi wenye sare inahitaji ridhaa ya wazazi, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinahusika hapo hata leseni iwe huria kiasi gani.

Kinachopungua bado ni picha za kwetu. Shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014, limeongeza picha nyingi za bara hili, lakini ghala la walimu wenyewe halijafunguliwa: shamba la mikorosho, ngalawa, udongo wa mfinyanzi, vyote vinapigwa picha kwa simu na kuishia humo. Serikali nazo zina sehemu yao. Pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 linazihimiza nchi wanachama ziweke leseni huria kwenye zana za elimu zinazogharimiwa na umma. Kitabu kinachosomwa mtandaoni bure lakini kisichotaja leseni humruhusu mwalimu kusoma tu. Kilicholipiwa kwa kodi kinapaswa kutaja leseni yake ukurasa wa kwanza, na leseni hiyo iwe inayoruhusu kutafsiri na kurekebisha.