Duranta ya Mabaka Si Mpunga

Chimala ni mji wa mpunga. Mkazi wake, mwenye kona 57 za barabara ya kupandia Matamba upande mmoja na mashamba ya Usangu upande wa pili, anaijua mbegu, maji na mbolea kuliko mimi ninayeandika. Shida huanza anapouhamishia ujuzi huo kwenye ua wa nyumba. Waliochoka na miiba ya michongoma hununua duranta ya mabaka, kile kichaka kisichopukutisha majani, kijani katikati na krimu pembeni, kinachouzwa kwenye viriba kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Kila anayeipanda hupewa ushauri na jirani, na sehemu kubwa ya ushauri huo ungekuwa sahihi kabisa kama tungekuwa tunazungumzia mpunga.

"Hayo mabaka ni ugonjwa, yataambukiza mihogo." Hofu hii haikutoka hewani. Wakulima wa Mbarali, wilaya ilipo Chimala, wanakifahamu kimyanga, kirusi kinachogeuza majani ya mpunga kuwa ya njano yenye milia, na wanaifahamu batobato ya muhogo. Mkulima aliyewahi kupoteza jaruba zima kwa sababu hiyo ana haki ya kulitilia shaka jani lolote lisilo la kijani kitupu. Lakini chuma jani la duranta ulitazame juani. Mpaka kati ya kijani na krimu umekatika wazi, jani limenyooka na linang'aa, na jani pacha lililo ng'ambo ya tawi lina mpangilio unaofanana nalo. Batobato haina adabu hiyo: hukunja jani, hulipinda, hutapakaza njano bila mpaka, na mmea wenyewe hudumaa.

Kinachotokea kwenye duranta ni kwamba ncha inayokua imejengwa kwa tabaka, na tabaka mojawapo halina uwezo wa kutengeneza umbijani, ile kemikali ya kijani inayoupa mmea chakula kutokana na mwanga. Ni kasoro ya kuzaliwa, na kasoro ya kuzaliwa haiambukizi. Yapo maua ambayo mabaka yake kweli yanatokana na kirusi, kama baadhi ya aina za abutilon. Duranta haimo katika kundi hilo.

"Imepauka, itie urea." Huu ndio ushauri unaonikera zaidi, maana urea haikosekani katika nyumba ya mkulima wa mpunga na mkono ni mwepesi. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kwenye jaruba hiyo ni neema. Kwenye shina la duranta, ukitupa viganja viwili kwenye udongo mkavu, utaona mambo mawili. Kwanza, ukingo wa krimu unakauka na kuwa kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo dhaifu na ndiyo inayoumizwa mwanzo na chumvi ya mbolea. Pili, mvua ikinyesha, kichaka kinarusha matawi marefu, laini, yenye maji mengi, ambayo vidukari huyashangilia. Krimu haitageuka kijani hata ukimaliza mfuko, kwani hapo hapana kiwanda cha kutumia naitrojeni hiyo.

Afya ya duranta isomwe kwenye kijani cha katikati ya jani. Kijani hicho kikiwa kimeiva, mmea umeshiba, hata krimu iwe nyeupe kiasi gani. Kikififia kuwa njano ilhali mishipa imebaki ya kijani, hapo kuna upungufu wa kweli au maji yametuama kwenye mizizi, jambo la kawaida kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa huko bondeni. Samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwenye shimo wakati wa kupanda na nyingine mvua zinapoanza mwezi wa Desemba, inatosha.

"Tawi la kijani kitupu likichipua, mmea umepona. Liache." Hili ndilo lililoua mabaka ya nyua nyingi kuliko ukame. Tawi hilo limechipuka bila lile tabaka lenye kasoro. Jani lake zima linapika chakula, wakati jani la mabaka linapika nusu tu. Basi tawi hilo linakua haraka, linanenepa, linawatia kivuli wenzake, na baada ya misimu michache una ua wa kijani wenye vijitawi viwili vya krimu vilivyojificha chini. Mwenye nyumba hulalamika kwamba aliuziwa mche bandia. Hakuuziwa bandia, alimlea mgeni akamnyima mwenyeji.

Dawa yake ni mkasi, tena mapema. Fuata tawi la kijani hadi linapotokea kwenye shina la mabaka, ukate hapo hapo kwenye maungio bila kuacha kisiki. Kulikata ncha kwa panga pamoja na ua mzima hakusaidii, kwani litajigawa na kurudi mawili. Fanya vivyo hivyo kwa tawi jeupe kabisa. Hilo ni zuri kwa macho, lakini halijilishi, linakula jasho la wengine. Anayepanda mpunga amezoea kushangilia kijani kinapotawala shamba. Hapa kijani kikitawala umeshindwa.

"Vuna mbegu, sia, upate miche ya bure." Utapata miche, sikatai. Mingi haitakuwa na mabaka, kwa sababu mabaka ya namna hii hayapiti kwenye mbegu kwa uhakika. Duranta ya mabaka huendelezwa kwa vipandikizi. Chagua tawi la msimu huu lililoanza kukakamaa, lenye mabaka mazuri kila jani, ukate kipande cha sentimita 10 hadi 15 chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, bakiza mawili au manne juu, na yakiwa makubwa yapunguze nusu. Chomeka kwenye mchanga safi wa mtoni uliochanganywa na udongo wa msituni kidogo, kisha ufunike kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Kizibo ukifungue mchana joto linapozidi. Weka mahali penye mwanga lakini jua lisipige moja kwa moja. Kipandikizi cha tawi la kijani kitashika mizizi haraka zaidi, na hapo ndipo wauza miche wasio makini hunaswa: wanazalisha kinachoshika upesi.

Kuhusu jua nitakuwa mfupi. Wapo wanaosema mmea wa mabaka ni wa kivulini, nao wanakosea. Chini ya mwembe kijani huzidi, krimu hufifia, na kichaka hurefuka kikitafuta mwanga. Krotoni nayo hupoteza rangi zake hivyo hivyo. Jua la asubuhi hadi adhuhuri ndilo bora, na panapopigwa na jua la mchana kutwa mwezi wa Oktoba, mwagia vizuri ili ukingo usiungue.

Mwagia vizuri, lakini si kila siku. Dai la "maji asubuhi na jioni" linatoka kwenye bustani ya mboga. Duranta iliyokwisha kushika inataka maji mengi mara moja au mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, yazame hadi kwenye mizizi, na juu ya udongo utandaze pumba za mpunga, ambazo zimejaa kwenye mashine za kukobolea. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisioze. Kufungua mfereji wa shamba ili kunyweshea ua ni jambo ambalo sitalitetea katika bonde hili: Mto Ruaha Mkuu, unaopokea mito ya Usangu, ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993 na umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi tangu wakati huo.

"Agiza holly ya Ulaya, ile ya kadi za Krismasi, nayo ni ya kijani mwaka mzima." Kutopukutisha majani si kuvumilia joto. *Ilex aquifolium* ni mmea wa nchi za baridi, na Chimala, ingawa ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, itauchosha. Anayetaka kujaribu apande kona zote 57 hadi Matamba, kuelekea uwanda wa baridi wa Kitulo. Tena akumbuke kwamba holly ina dume na jike, na majina ya bustanini hayasaidii: ile ya mabaka inayoitwa 'Golden King' ni jike mwenye matunda, na 'Golden Queen' ni dume. Ndugu yao wa Kiafrika, *Ilex mitis*, huota mwenyewe kwenye misitu ya milimani katika Nyanda za Juu Kusini, lakini huyo ni mti mkubwa wa kijani kitupu.

"Ndege wanayala, basi watoto wanaweza kuyala." Vile vishada vya matunda ya njano ya duranta, mviringo kama shanga, vinavutia hasa, na ndege huyala bila kudhurika. Kwa mtoto ni sumu, na majani pia si salama: kutapika, homa, usingizi usio wa kawaida, hata degedege. Mwenye watoto wadogo apogoe mara tu maua ya zambarau yanaponyauka, kabla matunda hayajafunga. Na mtoto akishayala, usimpe maziwa wala usimtapishe kwa nguvu. Mkimbize hospitali, ya Misheni ipo pale pale Chimala, na uchukue kitawi chenye matunda ili mganga aone ni nini hasa kilicholiwa.