Mtoto wa Njia Panda ni Amana

Msafiri atokaye Dar es Salaam, afikapo Chalinze, hana budi kuchagua: ama ashike njia iendayo Morogoro na bara ya ndani, ama apinde kulia aelekee Segera, Tanga na Moshi. Basi likisimama, vijana hulikimbilia na mabeseni ya mananasi na machungwa. Na miongoni mwao aghalabu hawakosekani watoto ambao saa hiyo wangalipaswa kuwa darasani, na ambao, ukiwauliza kwao ni wapi, hunyosha kidole upande wa barabara pasipo kutaja nyumba. Abiria hulipa, hufunga dirisha, akaenda zake. Na swali la mtoto yule ni wa nani hubaki pale pale njia panda.

Wazee wetu swali hilo halikuwasumbua sana. Kwa Wakwere, Wazigua na Wadoe, mtoto aliyefiwa alikuwa na mjomba, na mjomba alikuwa na neno. Lakini leo koo zimetawanyika. Mjomba mmoja yuko mjini, mwingine hajulikani aliko, na bibi aliyebaki kijijini jembe limemshinda. Ndipo mtoto huchukuliwa na yeyote ajitokezaye, nasi husifu kwamba fulani ana huruma, tusiulize zaidi.

Basi na tuulize, maana sisi ni jirani wa Bagamoyo, na Bagamoyo ni mwalimu. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni pale, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani. Ilhali katika mwambao uo huo mtoto mgeni aliweza kuingia nyumba ya tajiri, akala, akavaa, akahesabiwa mtu wa nyumbani, naye ni mtumwa. Kumlisha mtoto, basi, si hoja ya kutosha kwamba umemlea. Na hata leo wapo wamchukuao binti wa marehemu ndugu yao kwa jina la malezi, kumbe wamejipatia mtumishi asiye na mshahara: watoto wa nyumba wakienda shule, yeye huenda kisimani, wakiandaliwa sinia, yeye hungoja makombo.

Dawa ya dhuluma hii ni ushahidi, yaani malezi yawe wazi na yawe na wa kuyashuhudia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu uitwao malezi ya kambo. Wala neno kambo lisitutishe kwa ajili ya hadithi tulizosimuliwa utotoni. Atakaye kulea humwendea afisa ustawi wa jamii, naye huichunguza hali yake na nyumba yake, kisha haachi kumtazama mtoto baada ya kumkabidhi. Jambo hili si kuasili: mtoto habadili nasaba, na mlango wa kurudi kwa jamaa zake haufungwi. Zanzibar nako, sheria ya watoto ya mwaka 2011 imeitambua kafala, yaani kumdhamini na kumlea mtoto asiye wako, ambayo ni ada ya Waislamu tangu zamani.

Huenda mtu akasema, huruma haihitaji karatasi. Namjibu kwa insafu: Uislamu umeamuru deni liandikwe na lishuhudiwe, je, mtoto ni duni kuliko deni? Mtume mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha ami yake Abu Talib, na malezi hayo hayakuwa ya kificho: Makka nzima ilijua ni nani mdhamini wake.

Enyi ndugu zangu wa Chalinze, Lugoba, Msata na Kiwangwa, mkono mmoja haulei mwana. Mwenye nafasi nyumbani na ajitokeze kwa afisa. Asiye na nafasi na amsaidie aliyejitokeza, kwa debe la mahindi, kwa sare au kwa daftari. Na aonaye mtoto akiteswa asione haya, bali apige namba ya msaada kwa watoto, 116. Imamu na padre na waulize, baada ya sala, yatima wa fulani anaendeleaje. Na kijana akitimiza miaka 18, tusimfungulie mlango kama aliyemaliza kifungo. Tumpe ufundi au kipande cha shamba, na siku ya posa yake tuwe wazee wake.

Hapo mtoto, atakapoulizwa kwao ni wapi, hatanyosha tena kidole barabarani. Ataitaja nyumba, na majirani wataitikia kuwa ni kweli.