Laptop ikigoma, mshiko unaota mbawa

Wiki hii nawalenga nyie mnaokesha mkipiga muziki mitaa yetu ya Jangwani, Kariakoo, Magomeni hadi Mburahati. Na wewe unayewakodi usifunue ukurasa, yanakuhusu pia.

Enzi zile mchiriku ulipigwa kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio. Kinanda kile kilikuwa na kazi moja tu. Leo singeli inakimbia zaidi ya midundo 200 kwa dakika, na yote imo ndani ya laptop. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso, Mburahati, zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na vijana wetu wakaanza kuitwa Ulaya. Kwa hiyo laptop ndiyo bendi. Ikigoma, bendi nzima imeondoka jukwaani.

Balaa lake mnalijua. DJ kapewa nusu, nusu nyingine asubuhi. Mama wa bibi harusi yuko ndani ya sare, noti za kutunza mkononi, MC kapandisha mzuka, mara kioo kinaganda. Kimya! Hiyo nusu ya asubuhi usiiulize tena, na jina lako litafika nyumbani kabla yako.

Mimi nimekaa nyuma ya meza za ma-DJ mara nyingi, na nakwambia laptop haifi usiku, inaanza kufa mchana. Mchana mdogo wako anachezea gemu, jirani anachomeka flashi yenye virusi, na programu yenyewe ya kupigia ni ya kuiba. Usiku utegemee nini? Laptop ya kazi iwe ya kazi.

Kabla ya kuanza, zima intaneti na bluetooth, funga kila programu usiyoihitaji, na izuie mashine isijilaze wala kujisasisha yenyewe katikati ya shughuli. Halafu usiilaze juu ya kitambaa. Matundu ya hewa yakizibwa, ukijumlisha na joto la Dar, mashine inapunguza kasi na mwisho inajizima ili isiungue. Inyanyue kidogo ipumue.

Juu ya spika la besi ndiyo usithubutu kabisa. Kama laptop yako ni ya zamani, ndani kuna diski inayozunguka, na mtikisiko ni adui yake. Unadhani natania? Mwaka 2022 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alisimulia jinsi wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation" wa mwaka 1989, ulivyokuwa ukiangusha laptop za aina fulani, hata iliyokaa jirani tu. Mlio mmoja wa wimbo ule uliendana na mtikisiko wa diski zake. Wimbo tu, ndugu yangu! Sembuse besi la kigodoro? Ukipata vijisenti, nunua diski ya SSD, ile haina kinachozunguka.

Tuje kwenye umeme. Ukikatika, jenereta haliwaki hapo hapo. Laptop yenye betri nzima inaendelea kusubiri spika zirudi, lakini yenye betri mfu inazimika na kuanza upya, huku watu wanapiga miluzi. Betri kwako ni bima.

Pamoja na yote hayo, kuwa na akiba. Weka miksi ya robo saa kwenye simu, ichomeke kwenye mlango wa pili wa mixer tangu mwanzo. Laptop ikiganda, unapandisha kitufe kimoja, watu wanaendelea kukata viuno, wewe unaiwasha upya taratibu. Hakuna atakayejua.

Wapiga ngoma za ngozi huzipasha moto kabla ya kuzipiga. Nawe ijaribu laptop nyumbani saa mbili mfululizo, kwa waya zile zile utakazokwenda nazo.

Na wewe mwenye shughuli, kabla hujatoa hiyo nusu ya kwanza, muulize DJ wako swali moja tu: ikizima, unafanyaje? Akicheka bila kujibu, rudisha pesa mkobani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.