Presha ya dizeli si ya kusikilizwa kwa sikio

Pikapu za Ikwiriri hubeba kila kitu, kuanzia ufuta na samaki hadi mabati ya vijijini, lakini wenye nazo wengi hukagua presha ya matairi tu. Ya dizeli hakuna anayeiuliza mpaka gari likose nguvu na mzigo juu, katikati ya safari ya Dar es Salaam. Injini za zamani kama 3L zilivumilia: nozeli zake hufunguka kwa bar 150 hivi, na fundi mzoefu aliweza kuujua ugonjwa kwa kusikiliza. Hizi za komoni reli, yaani zenye reli moja inayogawia nozeli zote dizeli ya presha, kama 1KD ya Hilux, zikikanyagwa mafuta huweza kupita bar 1,300. Hapo inatakiwa ile mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani, isome presha inayoagizwa na kompyuta ya gari, kisha iliyopo kwenye reli. Ya pili ikibaki nyuma, anza na chujio kabla hujauziwa pampu. Dizeli ya dumu lililoshinda nje masika yote haikosi maji. Legeza koki chini ya chujio, uyamwage. (Anayepuliza chujio la karatasi kwa kompresa na kulirudisha anajiibia mwenyewe.) Na tafadhali, vijana wa gereji: bomba la presha likivuja, msilipapase kwa kidole injini ikiunguruma. Mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano, na aliyepatwa ni wa kukimbizwa hospitali hata kama hasikii maumivu.