Vyuma vya wavulana, mikeka ya wasichana: nani alitugawa?

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na majimu yetu. Si yote, ila mengi niliyokanyaga, kuanzia hapa Bariadi hadi Mwanza na Dar. Ukiingia tu unakuta ukuta usioonekana katikati ya chumba. Upande huu vyuma, benchi, kioo kikubwa na wavulana. Upande ule mikeka, spika ya Bongo Flava na wasichana. Wavulana wanagawiwa nguvu, wasichana wanagawiwa wepesi wa viungo. Na ada ni ileile! Mimi nasema huo ni wizi, tena wanaoibiwa ni wote.

Tuanze na wakaka. Mnawajua. Pande la mtu, kifua kama mlango wa ghala la pamba, miguu ya kuku wa kienyeji. Jumatatu kifua, Jumatano mikono, Ijumaa kifua tena. Sasa mwambie huyo baunsa achuchumae hadi chini, visigino vikiwa vimekanyaga sakafu, akae dakika moja tu. Visigino vinanyanyuka, anaanza kutafuta ukuta wa kushika. Kaka, ukisafiri kwenda kijijini choo cha shimo unakitumiaje?

Ukimuuliza kwa nini hanyooshi viungo, atakujibu kwa kujiamini kwamba kunyoosha kunalegeza misuli, kunaua nguvu. Wapi kasikia? Kuna punje ya ukweli humo, nisimnyime haki yake. Ukishikilia msuli mmoja umenyooka kwa zaidi ya dakika nzima, halafu hapohapo ukaenda kunyanyua mzigo mzito, nguvu hupungua kidogo kwa muda. Basi. Dawa yake ni kunyoosha baadaye, au siku nyingine, na kabla ya vyuma ukapasha mwili moto kwa kusogeasogea. Yeye kutoka kwenye punje hiyo kajenga dini nzima.

Tena hajui kwamba hivi vitu viwili si mapacha wanaogombea ziwa moja. Mwaka 2021 watafiti walikusanya majaribio 11 yaliyolinganisha watu waliofanya mazoezi ya nguvu na watu waliokuwa wakinyoosha viungo tu, wakapima nani amepata wepesi zaidi. Hawakuona tofauti ya maana. Waliobeba mizigo walinyumbuka sawasawa na walionyoosha! Ila kuna sharti, na hapa ndipo majimu yetu yanapochemka: mzigo ubebwe kwa mwendo kamili wa kiungo. Ukichuchumaa, shuka hadi chini. Ukisukuma chuma kifuani, kishushe hadi kiguse, usiishie nusu njia ili uonekane kwenye kioo unabeba kilo nyingi. Msuli huzoea urefu unaotumiwa. Ukiutumia nusu, utakuwa na nguvu za nusu na wepesi wa nusu, na siku ukiteleza kwenye tope la masika mguu ukaenda kusikozoeleka, ndipo utajua ile nusu nyingine ilikuwa ya kazi gani.

Haya, tuje kwa wadada, ambako ndiko roho yangu inakouma.

Niliingia jimu moja, jina naliweka pembeni, nikaelekea kwenye vyuma kama mteja yeyote aliyelipa. Mwalimu akanikimbilia kabla sijashika hata dambeli. "Dada, huko siko. Kaa na akina dada wenzako upande ule, mnyooshe viungo, mtoe kitambi. Vyuma vitakupa mabega ya dume, nani atakuoa?" Wakaka wakacheka. Nikamuuliza, kaka, mayu wako kijijini anateka maji na nini? Akasema ndoo. Ya lita ngapi? Ishirini. Kilo ishirini kichwani, kilomita kadhaa, mtoto mgongoni. Mabega yake ya dume yako wapi, na aliolewa au hakuolewa? Hakujibu, akaenda kuongeza sauti ya muziki.

Ndiyo maana sielewi hii hadithi kwamba nguvu si za mwanamke. Katika mkoa gani, huu huu wa Simiyu? Mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unaojivunia pamba kuliko mikoa yote nchini, na pamba hiyo ikalimwa, ikapaliliwa na kuchumwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya wanawake? Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ilitoka kwenye vikundi vya kulima kwa pamoja. Itazameni vizuri siku mkiikuta. Mchezaji anainama kutoka nyonga mgongo ukiwa umenyooka, anashuka magoti, anainuka na jembe, analizungusha, analirusha na kulidaka bila kupoteza mdundo. Hapo niambie, ni zoezi la nguvu au la wepesi? Swali lenyewe halina maana. Waliolitunga hawakuwa na kioo wala mkeka, walikuwa na shamba la kumaliza.

Msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwenye jembe la mkono kwa ajili ya afya. Jembe la mkono limevunja migongo ya watu wengi tu, na mama anayelima toka alfajiri anahitaji kupumzika, hahitaji dambeli. Wenye tatizo ni sisi, wasomi wa mjini: ofisini kwenye kiti, bodaboda hadi nyumbani, nyumbani kochi.

Kwa habari ya viti, kuna utafiti mmoja wa jirani zetu kabisa. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na wengine wako Meatu, wilaya ya mkoa huu huu. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti ambamo baadhi yao walivaa vifaa vya kupima mwendo wa mwili. Kumbe wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa nchi tajiri! Tofauti ni namna ya kupumzika. Sehemu kubwa ya muda huo wako chini, na karibu saa mbili wanachuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikifanya kazi polepole. (Naomba tu tusiwageuze Wahadzabe kuwa bango la matangazo ya jimu. Wana madai ya ardhi yanayohitaji kusikilizwa kuliko namna yao ya kuchuchumaa.)

Sasa kwa nini nalipigia kelele suala la wasichana? Kwa sababu mikeka peke yake haimlindi mtu. Mwaka 2014 jarida moja la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi wa majaribio 25 yenye watu 26,610. Mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja. Kunyoosha viungo peke yake? Hakukuonekana kupunguza chochote. Kwa hiyo yule dada anayepelekwa mkekani miaka nenda rudi anapewa kile kisichomkinga, huku kinachokinga kikifungiwa upande wa pili wa chumba.

Na ubaya wake hauonekani ukiwa na miaka 25. Mwanamke akikoma hedhi mifupa yake hupoteza uimara kwa kasi, na mzigo ni moja ya vitu vichache vinavyoisaidia. Brazil daktari Claudio Gil Araújo na wenzake waliwapima watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80 kwa kitu kimoja rahisi: kaa chini sakafuni, halafu simama, ukijitahidi usishike chochote. Unaanza na alama 10, kila mkono au goti linalogusa chini linakula alama moja. Matokeo yalitoka 2012. Waliopata alama za chini kabisa walikufa kwa kasi mara tano hadi sita ya wale wa alama za juu katika miaka kama sita iliyofuata. Sisemi kukaa chini ndiko kunakoongeza maisha. Ila jaribio lile huwezi kulifaulu kwa nguvu bila wepesi, wala kwa wepesi bila nguvu. Bibi yangu analifaulu akiwa na sinia la mchele mkononi. Jaribuni leo usiku muone.

Serikali nayo? Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Wazo zuri. Lakini mengi niliyowahi kuripoti ya namna hiyo ni jogingi, fulana mpya, viongozi mstari wa mbele, kunyoosha mikono juu dakika kumi, hotuba. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Hayo ya misuli yako wapi kwenye ratiba?

Wenye majimu wataniambia wao ni wafanyabiashara, wateja wanataka kifua na wanataka kiuno. Sawa. Lakini hakuna gharama katika kuvusha dambeli nne upande wa mikeka na kuwaleta wale mabaunsa mkekani robo saa. Asiye na ada ajaze dumu la lita 10 maji, alikumbatie kifuani, achuchumae hadi chini mara nane, apumzike, arudie. Na yule mwalimu wangu nitamrudia mwezi ujao, ada yangu bado haijaisha.