Mwiba wa Samaki Hausukumwi kwa Tonge

Sisi tunaokula migebuka na kuhe wa Karema tunayo desturi moja: mwiba ukikwama kooni, humezwa tonge kubwa la ugali kuusukuma. Mimi siiungi mkono. Tonge laweza kuuchomeka mwiba zaidi.

Ni kweli, vitu vingi vilivyomezwa hutoka vyenyewe na choo katika siku chache. Lakini chenye ncha, kama mwiba au pini, chaweza kutoboa utumbo, na uchafu ukamwagika tumboni. Hapo tumbo huuma na kukaza kama ubao, homa hupanda, mgonjwa hutapika. Wapo wanaomnywesha haluli, wakidhani amefunga choo tu! Asipewe kitu kwa mdomo. Apelekwe penye chumba cha upasuaji, utumbo ushonwe na tumbo lisafishwe, hata kama njia ya Mpanda ni tope.

Lawama nyingine ni yetu wauguzi. Mwiba mara nyingi hauonekani kwenye picha ya eksirei, na mgonjwa amekwisha kusahau mlo wa wiki iliyopita. Tusipouliza alichomeza, twaweza kudhani ni kidole tumbo. Mama naye huficha kwamba mtoto kameza kitu, maana anajua tutamgombeza, na kweli huwa tunagombeza. Tuache. Nawe mama useme, hata kama ulikuwa sokoni, hasa ikiwa ni betri ndogo bapa kama kifungo: hiyo ikikwama kwenye koo la chakula, saa mbili tu zatosha kuliunguza.